Shuka la Mtu Mmoja

Mtu akikuambia ameajiriwa ili akutie wewe moyo wa kufanya kazi, mtazame viatu. Vya huyu wetu vilikuwa vyeupe mpaka soli, na alikuwa anaviingiza kwenye ukumbi wa kufulia ambao sakafu yake haijakauka tangu mashine ya kwanza ifungwe. Siku aliyoletwa alisimama mlangoni kwa muda, akingoja mtu apige deki ndipo apite. Hakuna aliyejisumbua. Mwishowe akapita kwa kukanyaga mafurushi ya mashuka machafu ya hospitali yaliyopangwa chini, moja baada ya jingine, mikono kaipanua ili asianguke, halafu akatusalimia kwa kusema kwamba sisi ndio utajiri wa kampuni.

Cheo chake kiliandikwa mlangoni: Afisa Rasilimali Watu. Sisi tulimwita Motisha, maana neno hilo halikumkauka mdomoni. Hata siku aliyokuja kututangazia kwamba choo cha wanawake kimeziba na fundi atapatikana wiki ijayo, alianza kwa kuuliza hali ya motisha yetu. Mama Pacha, ambaye meza yake ilikuwa jirani na yangu, akamjibu kwamba motisha yetu imebanwa na mkojo. Tulicheka mpaka machozi yakatutoka, naye akaandika kitu kwenye tableti yake.

Kazi yetu lazima niieleze, kwa sababu Motisha, kwa muda wote aliokaa pale, hakuwahi kuielewa. Tunafua mashuka ya hospitali, ya hoteli mbili na ya mabweni ya chuo. Yanaingia machafu kwa mlango wa nyuma, yanapita kwenye mashine, kwenye vikaushio, kwenye roli la pasi, na mwisho yanatufikia sisi wakunjaji kwenye meza ndefu zilizo karibu na mlango wa mbele. Shuka pana halikunjwi na mtu mmoja. Mnasimama wawili mkitazamana, kila mmoja kashika pembe mbili, mnarudi nyuma mpaka linyooke, mnalikung'uta, mnalilaza kwa marefu, kisha mnasogeleana. Mmoja anabaki kainua mikono juu. Mwingine anamletea pembe zake, anamkabidhi, halafu anainama kudaka pindo lililoning'inia na kulipandisha. Ukiwa na mtu mliyezoeana, shuka linakunjwa huku mnasengenya watu, wala hamjui mikono inafanya nini. Na mwenzako akienda msalani, unasema tu "nishikie", na yeyote aliye karibu anaacha alichokuwa nacho, anakuja kushika pembe. Hakuna bosi aliyetunga hilo. Mimi nililikuta, na walionitangulia walilikuta.

Mwenzangu mezani alikuwa wifi yangu, dada wa mume wangu. Tusidanganyane, mimi na yeye hatupikiki chungu kimoja. Anaishi uani kwetu, vyumba viwili vya nyuma, yeye na wanawe wawili, tangu mumewe alipokwenda kutafuta maisha, akayapata, akabaki nayo huko huko. Ni mwanamke anayejua bei ya kila kitu nilichovaa, na anayeonja mboga yangu kabla hajakaribishwa. Nyumbani tunaweza kumaliza wiki nzima bila kusemeshana ila kwa kupitia watoto. Lakini kwenye shuka tulielewana kabisa, na sikuwahi kuona ajabu yoyote. Kumpenda mtu ni jambo moja, kukunja naye shuka ni jingine.

Kisha kulikuwa na bega lake. Alianguka kutoka juu ya kiti akifunga pazia, bega la kulia likapona vibaya, na tangu hapo mkono ule unainuka hadi usawa wa kifua, hapo unagoma. Kwenye meza yetu halikuwa tatizo. Mimi nilikuwa wa juu, yeye wa kuinama, siku zote, na mtu asingegundua hata angetutazama kutwa. Wifi aliliogopa bega lile kupita kiasi, kwa kuwa aliona alivyofanyiwa mzee wa vikaushio mgongo wake ulipojulikana: alipigiwa makofi, akapewa saa ya ukutani, akatolewa nje. Kwa bega lile wifi asingepata kazi nyingine popote, na watoto wawili wanakula kila siku.

Motisha alipomaliza kuzungukazunguka na tableti yake, akatuita karibu na roli la pasi, akatutangazia mpango. Alisema tatizo letu ni kwamba tunajificha nyuma ya wenzetu. Kuanzia Jumatatu kila mmoja atakuwa mmiliki wa matokeo yake. Akafungua boksi, akagawa vibanio vya nguo vya plastiki, kila mtu rangi yake. Wifi bluu, mimi njano, Mama Pacha pinki. Ukimaliza fungu la mashuka unalibana kibanio chako, jioni vinahesabiwa, na matokeo yanabandikwa kwenye ubao wenye picha zetu. Wa juu atakuwa Nyota wa Mwezi. Wa chini atavaa aproni ya kijivu iliyoandikwa kifuani "Ninakua".

Mama Pacha akauliza swali ambalo mtu yeyote mwenye akili timamu angeuliza. Fungu likikunjwa na watu wawili, linabanwa kibanio cha nani?

Motisha akatabasamu. "Katika kila watu wawili, Mama, lazima kuna mmoja anayeongoza," akasema. "Mjiulize ni nani."

Naomba uyarudie maneno hayo polepole. Kuna wazazi waliuza vitu vyao kumsomesha mtu, mtu akafaulu, akapewa ofisi yenye kiyoyozi, ili siku moja aje asimame mbele ya wanawake wenye mikono iliyobabuka kwa sabuni awaambie hayo.

Jumatatu watu walijaribu kupeana zamu, fungu lako, fungu langu. Kufikia mchana zamu zilikuwa zimezaa ugomvi, maana kila mmoja alikumbuka zamu ya mwenzake na kusahau yake. Jumanne waliokuwa wamekunja pamoja tangu enzi wakagawana meza. Ndipo kikaanza kituko cha kukunja peke yako. Mmoja alipigilia misumari ukutani, akawa anatundika pembe moja huko na kuvuta nyingine. Mama Pacha alikuwa anafunga pembe kwenye kitasa cha mlango, na kila mlango ulipofunguliwa alikokotwa nao. Wengine walibana shuka kwa kidevu, wengine kwa meno. Huku nyuma mashuka safi yalikuwa yanafagia sakafu, na sakafu yetu nimekwisha kuieleza.

Neno "nishikie" likafa kimyakimya. Nilimsikia mama mmoja akilisema, kwa mazoea tu, na shuka lake liko nusu hewani. Waliokuwa karibu naye wakatazama mafungu yao. Akaona aibu, kana kwamba kaomba kitu kisichoombwa mbele za watu, akalishusha shuka lake chini na kupiga magoti kulikunjia sakafuni.

Sisi wawili jambo lile lilitufuata nyumbani. Wifi hakulala vizuri, macho yakamvimba, watoto wakaanza kupigwa bila kosa. Mume wangu akanikalisha kitandani na sauti yake ile ya upole anayoitumia akitaka kitu kikubwa. Aliniomba nimshikie dada yake. Alisema akikosa kazi ataharibikiwa, na mzigo wote utatuangukia sisi. Hakuwa na haja ya kunieleza, nilikuwa nimekwisha kupiga hesabu mwenyewe. Asubuhi nikamwambia wifi tukiwa tunatoka getini kwamba tutakunja wawili kama zamani, na kila fungu litabanwa bluu.

"Na wewe?" akauliza.

Nikamwambia mimi nina mdomo, na aproni haijawahi kuua mtu. Wakati huo nilikuwa naamini hivyo. Hakusema asante. Alirekebisha mkoba wake begani, lile bega zima, tukaenda.

Sasa sikiliza maajabu. Watu wawili wakikunja pamoja wanakwenda kwa kasi kuliko watatu waliojitundika kwenye misumari, hilo hata mtoto anaweza kuliona. Bluu ikapanda ubaoni mpaka ikakaribia kutoka nje ya karatasi. Njano haikuwepo kabisa. Wenzetu waliona kila kitu, kwa sababu tulikuwa tunakunja mbele ya macho yao, wakanuna. Mama Pacha alinifuata akaniambia najichimbia kaburi, halafu akaongeza kwamba wifi yangu anawaharibia wenzake kwa kutumia mikono minne kwenye mashindano ya mikono miwili. Alikuwa na haki ya kukasirika. Lakini angeweza pia kushika pembe ya mtu na kukubali kukosa pinki zake, na hilo halikumpitia akilini hata mara moja.

Motisha hakuona, kwa sababu Motisha hakuja ukumbini. Alitazama ubao. Akaona bluu, akashuka na kamera, akampiga wifi picha, akatutangazia kwamba hapa ndipo tunapopata ushahidi kwamba mtu akiachiwa aimiliki kazi yake, kipaji chake kinafumuka. Nilikuwa nimesimama pembeni ya ushahidi wenyewe nikiwa na aproni ya "Ninakua", na pembe ya shuka mkononi.

Mwezi wa pili ulipokaribia kuisha, hospitali ilirudisha gari zima. Muuguzi mkuu alikuja mwenyewe, mama mkali, akatandaza shuka mezani mbele yetu. Lilikuwa na alama za meno, na chini yake rangi ya mdomo. Lingine lilikuwa na tope upande wote mmoja. Alisema wagonjwa wake wana vidonda, akasema maneno mengine nisiyoyaandika, akaondoka. Motisha alikaa ofisini mchana kutwa akitafakari, kisha akatoka na jibu. Tulikuwa tumepungukiwa na ushirikiano. Kwa hiyo Jumamosi kutakuwa na Siku ya Ushirikiano, kuhudhuria ni lazima.

Siku yenyewe walituweka kwenye uwanja wa nyuma, kati ya matangi ya maji. Motisha alivaa fulana iliyoandikwa "Sisi ni Familia". Zoezi la kwanza unafumba macho, unajiangusha kinyumenyume, mwenzako anakudaka, na hapo imani inajengeka. Akanipanga na wifi, mimi wa kuanguka. Niligeuka, nikamwona wifi nyuma yangu akiuandaa mkono wake wa kushoto na kuuma meno. Nikiuangusha mwili huu wangu kwenye bega lile, kazi imekwisha hapo hapo. Nikakaza miguu, nikakataa. Motisha alinibembeleza, akanihesabia moja mbili tatu kama mtoto anayeogopa kuoga, mimi nimesimama vilevile. Akaandika kwenye tableti kwamba sina imani na mwenzangu.

Zoezi la pili kila mtu amwambie mwenzake kitu kimoja anachokipenda kwake. Wifi alinitazama, akatazama matangi, akatazama mbingu, mpaka watu wakaanza kucheka. Mwishowe akasema huwa sichelewi kazini. Mimi nikasema ana watoto wazuri. Motisha akapiga makofi, akatuambia tukumbatiane, na tukakumbatiana kwa ncha za vidole. Tulimaliza kwa soda. Jumatatu vibanio vilikuwa palepale.

Ningeweza kuvumilia hayo yote. Nilichoshindwa kukivumilia ni wifi mwenyewe, maana picha ile ilimpanda kichwani. Aliwekewa fremu, akaileta nyumbani, akaitundika sebuleni kwangu juu ya televisheni bila kuniuliza. Jioni akawa anakaa chini yake akikunja miguu. Akaanza kuyatumia maneno ya Motisha, malengo, umiliki, kiwango. Alimwambia binti yake kwamba katika maisha kuna watu wanaoongoza na watu wanaovutwa. Nilikuwa jikoni, mlango wazi. Siku nyingine, nikiwa hapo hapo mezani na mume wangu akiwa na tonge mkononi, akaniambia, "Wifi, tatizo lako wewe huna malengo. Unakuja kazini kumaliza siku."

Mume wangu alizidi kutazama sahani. Nilitaka kumwambia auinue ule mkono wake wa kulia achukue bilauri iliyoko juu ya kabati, sote tuone malengo yake yanaishia wapi. Niliyameza maneno hayo na chakula. Najua anachoweza kujitetea nacho. Mtu akiambiwa kila siku kwamba yeye ni nyota, na picha ipo ukutani, na mkono unamuuma usiku, atachagua nini kuamini? Lakini kumwelewa si kumsamehe, na mimi wakati ule sikuwa nimefika hata kwenye kumwelewa.

Kisha Tajiri akaja. Tajiri ndiye mwenye kampuni, mzee wa maneno machache, ambaye tulikuwa tunamwona mara chache sana. Alikuja na wageni wawili wa hoteli mpya waliotaka kutuletea mashuka yao tuyafue. Motisha aliwazungusha, akawaonyesha ubao, akawasimulia mpango wa vibanio kana kwamba kavumbua umeme. Halafu, kwa raha iliyompanda, akasema badala ya maneno ni bora waone wenyewe. Akamwita Nyota wa Mwezi aje mbele akunje shuka moja, peke yake, wageni watazame.

Mimi na aproni yangu nilikuwa nimepangwa nyuma kabisa, karibu na mapipa ya sabuni. Nilimwona wifi akivuta shuka kutoka kwenye rundo. Alilishika pembe mbili, akalitanda, lote likaenda upande mmoja kwa sababu mkono mmoja ulikuwa juu na mwingine kifuani. Alijaribu tena. Mtu akakohoa. Motisha akasema polepole, usiwe na wasiwasi. Na hapo wifi akafanya jambo ambalo nadhani hakulijua. Alinyoosha pembe mbele, mahali ninaposimama siku zote, akangoja.

Hakuna aliyesogea. Mama Pacha alikuwa karibu yake kuliko sabuni ilivyo karibu na maji, na alikuwa anachezea kibanio chake cha pinki.

Nilikwenda mimi. Sikwenda kwa upendo, nisisingiziwe. Nilikwenda kwa sababu pembe ya shuka ilikuwa imenyooshwa. Tukarudi nyuma, tukakung'uta, tukalaza, tukasogeleana, nikabaki juu, akainama. Shuka likatoka safi, pande zote sawasawa, na wale wageni wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Motisha alitoa jasho, lakini ulimi wake haujawahi kumwangusha.

"Mnaona," akasema, "hata aliye dhaifu, ukimweka karibu na aliye bora, anainuka."

Tajiri alinitazama aproni, akamtazama wifi. "Kwa hiyo huyu unamfundisha?" akamuuliza.

Kila kitu kilisimama kwenye jibu hilo, na wifi alilijua kama nilivyolijua mimi. Akisema hapana, itabidi aseme na bega. Alinitazama mara moja, upesi, kama unavyotazama saa.

"Ndiyo, Mzee," akasema. "Polepole atashika."

Nilimchukia. Sitafuti neno jingine, nilimchukia pale pale, yeye na shuka lake safi na picha yake sebuleni kwangu. Tajiri akaitikia kwa kichwa, akamgeukia Motisha, akauliza swali la mwenye mali: kama mwalimu anaweza kazi hii, mwanafunzi wa miezi yote hii analipwa kwa lipi?

Motisha aliniita ofisini Ijumaa. Kiyoyozi kilikuwa kinanguruma. Alinipa kiti, akanipa maji, akaniambia kwamba kampuni hainifukuzi, inaniachia nafasi nikakue kwingine. Aliniuliza ninajisikiaje. Nikamwambia najisikia kama mtu aliyefukuzwa. Akasema ananisikia. Akasema pia kwamba ukuaji huwa unauma. Nilivua ile aproni, nikamwekea juu ya tableti yake ikiwa bado mbichi, nikatoka, na ndilo jambo pekee nililolifurahia mwezi ule.

Nyumbani sikupiga kelele. Nilimwambia mume wangu neno kwa neno alichosema dada yake mbele ya Tajiri, nikalala. Yeye alikwenda uani, nikasikia sauti yake ikipanda. Jumamosi na Jumapili wifi hakutoka chumbani kwake.

Jumatatu alikwenda kazini. Alirudi jioni, jua bado lipo, akanikuta uani natoa nguo kwenye kamba. Alikaa kwenye ngazi bila kuvua viatu, akanieleza akiwa anatazama chini. Alisimama mezani peke yake. Alijaribu kidevu, alijaribu meno, bega likakataa. Alimwomba Mama Pacha amshikie, mara moja tu. Mama Pacha alimjibu kwamba nyota hashikiwi. Aliwatazama wengine, na kila mmoja alikuwa na msumari wake na shuka lake. Kufikia saa nane bluu haikuwa imeonekana ubaoni, na Motisha akashuka na vile viatu vyake kumuuliza kama ana tatizo nyumbani. Amempa mpaka Ijumaa kurudi kwenye kiwango chake. Ijumaa atakuja kusimama pale pale mezani amtazame.

Nilitegemea machozi, nilikuwa nimejiandaa kuyadharau. Hakulia.

"Nifundishe kukunja peke yangu," akasema.

Nilicheka, kicheko kibaya, mpaka watoto wakachungulia dirishani. "Si wewe mwalimu?" nikamwambia.

"Nilisema hivyo mbele ya watu, na nilijua ninachosema," akajibu. "Watoto wangu watakula nini, wifi? Nifundishe."

Msamaha hakuniomba, na angeniomba ningemfukuza pale ngazini. Nilivuta shuka pana la kitandani kwangu kutoka kwenye kamba. Nikamwonyesha wanavyofanya wale wenzetu wapumbavu, kwa sababu ujinga nao una ufundi wake. Unabana pembe kwenye msumari wa ukuta. Unavuta. Unabana katikati kwa kidevu, unanyanyua mikono yote miwili, unashusha kwa pamoja. Kila hatua ilihitaji mkono wa kulia upite kifua. Tulijaribu kushusha msumari, shuka likafagia chini. Tulijaribu kubadilisha mikono, shuka likajipinda. Alijaribu kwa kupanda ngazi, akajaribu kwa kupiga magoti. Jasho lilimtoka, na kila mkono ulipofika pale unapogomea niliona uso wake ukibadilika rangi, lakini hakutoa sauti. Binti yake alikuja akasimama mlangoni. Mume wangu alirudi, akatazama, akaingia ndani bila kusalimu.

Nilikuwa nimemchukia siku zote zile, na chuki ile niliitafuta sasa sikuipata yote. Nilimwona Motisha badala yake, amekaa mahali fulani kwenye ubaridi wake, anakunywa maji, anaandika kwamba imani inajengwa. Nilitamani awe pale uani aone alichokijenga. Kisha nikajua kwamba hata angekuwepo angepiga makofi, angesema hii ndiyo bidii tunayoitaka.

Akaanza tena. Safari hii alifika mbali kuliko zote, pembe moja kwenye msumari, katikati chini ya kidevu, mkono wa kushoto juu. Ilibaki pembe ya kulia tu, na mkono ukapanda, ukatetemeka, ukasimama kifuani. Pembe ikaanza kumponyoka. Mkono wangu ukaenda wenyewe kuidaka.

"Acha," akasema, bila kugeuza kichwa. "Ijumaa hutakuwepo."

Nikaurudisha mkono, nikauweka nyuma ya mgongo. Shuka likaanguka. Akaliokota kwa mkono wa kushoto, akalikung'uta vumbi kadiri alivyoweza, akaanza upya, na mimi nikasimama pale nikimtazama bila kumsaidia, kwa kuwa hicho ndicho alichokuwa anahitaji.